Watoto Waliosukumwa

Mwalimu Leokadia Mkude alimnyang'anya mtoto mwanasesere, akamgeuzia mgongo.

Mtoto huyo, Mwajabu, alikuwa na miaka minne. Kwanza alidhani ni mchezo, akacheka. Alipoona mwalimu hageuki, akamvuta sketi. Mwalimu akaibandua mikono ile midogo kidole kimoja kimoja, akamsogeza nje ya duara la wenzake. Hapo ndipo Mwajabu alipopiga yowe. Alijitupa chini, akaupigapiga mkeka kwa visigino, kamasi na machozi vikamchanganyikia usoni.

Ukutani, kwenye kioo kidogo nyuma ya chati ya matunda, nambari ikapanda. Sitini na sita. Sitini na saba. Sitini na nane.

"Endelea, Mwalimu," alinong'ona Mama Mwajabu, ambaye alikuwa amesimama nje ya dirisha, kashika nondo kwa mikono miwili. "Bado mbili tu. Mwache alie, hatakufa."

Mkeka ule wa buluu haukuwa wa ukili. Ulifumwa kwa nyuzi zenye kuhisi, nao ulitandikwa katika kila chekechea nchini. Kila mtoto wa miaka minne alicheza juu yake kwa asubuhi arobaini. Mkeka ulisikiliza mapigo ya moyo kupitia nyayo, ukapima uzito wa ngumi, ukahesabu muda anaochukua mtoto kunyamaza baada ya kulia, na kama humrudishia mwenzake kitu chake. Siku ya arobaini, saa sita mchana, nambari ilifungwa. Mtoto aliyefika sabini alihesabiwa kuwa mhalifu wa kesho, na serikali ilimwingiza Darasa la Kinga ili kesho hiyo isifike. Huko kila mwalimu alikuwa na watoto wanane tu. Kulikuwa na uji wa maziwa, vitabu vya picha, muuguzi, na mwalimu aliyewatembelea nyumbani kila Jumamosi hadi watimize miaka minane. Aliyekosa sabini alikwenda chumba cha kawaida, ambako watoto tisini na wawili walikuwa na mwalimu mmoja na kipande cha chaki.

Kila mzazi wa mtaa wa Kilongo, pale Morogoro, aliijua hesabu hiyo. Aliyetaka mwanawe asome alimwombea aonekane mbaya.

Walimu nao waliijua. Ujanja wao waliuita kusukuma. Mtoto mwenye njaa ambaye alibakiza alama chache alisukumwa: alinyang'anywa, alifungiwa nje, alichokozwa hadi moyo wake uende mbio juu ya mkeka. Katika miaka kumi na saba Leokadia alikuwa amesukuma watoto thelathini na mmoja, na majina yao aliyajua kama anavyojua sala. Wengine walikuwa sasa manesi, mafundi, na mmoja alisomea urubani. Hakuwahi kuona haya. Wizara ilikuwa imeahidi kwa maandishi kwamba nambari hufutwa mtoto akitimiza miaka minane.

"Sitini na tisa," alisema Mama Mwajabu. "Mungu wangu, moja tu."

"Shikamoo, Mwalimu."

Sauti ilitoka mlangoni. Leokadia aligeuka, mwanasesere bado mkononi. Msichana wa miaka ishirini na moja alikuwa amesimama pale, amevaa ovaroli ya kijani ya stoo ya chanjo, na alikuwa akimtazama mtoto aliyekuwa akigaagaa chini.

"Marahaba. Sikudhani? Sikudhani Mloka! Mwanangu, umekuwa mkubwa hivi!"

Sikudhani hakutabasamu. "Na mimi ulinifanya hivyo?"

Leokadia aliinamisha macho kwa mwanasesere aliyemshika.

"Nimekuuliza, Mwalimu. Maana polisi wamenionyesha nambari yangu. Themanini na nne. Nikawaambia haiwezekani, mimi hata kuku sijawahi kuchinja. Wakasema mkeka haudanganyi."

"Polisi? Nambari yako ilifutwa zamani."

"Haikufutwa!" Alipaza sauti hadi watoto wote wakanyamaza, hata Mwajabu. "Haijafutwa ya mtu yeyote. Iko kwenye Daftari la Kinga, na kila kituo cha polisi kinalo. Stoo yetu imepoteza maboksi sita ya chanjo. Tuko wafanyakazi saba. Askari alikuja na kishikwambi, akatupiga picha za nyuso, akanichukua mimi. Hakuuliza hata swali moja. Na si mara ya kwanza. Kazini nilikotoka pia ilipotea kompyuta, wakaja kunichukua mimi. Chuoni nilikosa chumba bwenini, sikuambiwa sababu. Miaka yote nikidhani nina mkosi, nikaenda hadi kuombewa. Kumbe mkosi wenyewe unauza sura hapa na mwanasesere mkononi!"

Leokadia alimgeukia mtoto. Aliinama, akamrudishia Mwajabu mwanasesere wake. Mtoto akamkumbatia mwanasesere, akajikunyata mbali na mwalimu. Nyuma ya chati, nambari ikaanza kushuka.

"Unafanya nini?" Mama Mwajabu alipiga nondo kwa kiganja. "Mwalimu! Keshokutwa inafungwa! Unafanya nini?"

"Kesi ni Alhamisi," alisema Sikudhani. "Nimedhaminiwa na shangazi. Sikuja kukuomba kitu. Nilitaka nikuone tu machoni."

Akaondoka bila kuaga.

*

Ofisi ya Kinga ya wilaya ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la vioo, na ndani ilikuwa baridi kiasi kwamba makarani walivaa masweta. Bwana Ngasala, afisa wa Kinga, alikuwa mtu mpole mwenye mvi za mapema. Alimkaribisha Leokadia kiti, akamwagizia chai. Walifahamiana tangu mkeka wa kwanza ulipotandikwa.

"Ni kweli mnazitunza?" Leokadia aliuliza kabla chai haijafika.

Ngasala hakujifanya haelewi. "Ni kweli."

"Mlituandikia kwamba zinafutwa."

"Ndivyo ilivyokuwa nia. Halafu polisi wakaziomba kwa uchunguzi mmoja, mauaji, huwezi kuwanyima. Wakaziomba kwa mwingine. Baadaye sheria ikarekebishwa. Ilitangazwa kwenye gazeti la serikali, Mwalimu."

"Nani Kilongo anasoma gazeti la serikali?"

"Hilo si kosa langu."

Leokadia aliegemea meza kwa viganja viwili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyezoea kuongea taratibu na watu wenye kimo cha magoti yake, na sauti iliyomtoka ilimshangaza mwenyewe. "Kuna binti anapelekwa mahakamani Alhamisi kwa sababu ya jinsi alivyolia akiwa na miaka minne. Miaka minne, Bwana Ngasala! Alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Mfuteni."

"Siwezi kumfuta mmoja."

"Basi futeni wote."

Ngasala akasimama, akaenda dirishani. Alisema kwa upole uleule. "Magereza mawili ya mkoa huu yamefungwa. Moja sasa ni chuo cha ufundi. Unajua hilo. Watoto waliopita Darasa la Kinga hawaibi, hawapigi, hawauzi unga. Ni kazi yako hiyo, Mwalimu, jivunie."

"Ni mkeka uliofanya hivyo, au ni uji na mwalimu mwenye watoto wanane?"

"Uji na mwalimu. Najua. Unadhani sijui?" Aligeuka. "Mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba, mwaka ule wa kwanza. Niliwaambia wakubwa kwamba mtoto akilelewa vizuri mapema hatageuka jambazi, tuwape watoto wote walimu na maziwa. Walipiga miayo. Mmoja alisinzia kabisa. Mwaka uliofuata nikarudi na mkeka. Nikawaambia, huyu hapa, jina lake fulani, atakuvunjia nyumba baada ya miaka kumi na tano usipomtunza leo. Wakatia saini siku hiyohiyo. Wanatoa kwa hofu, Mwalimu. Kwa huruma hawatoi. Ukiniondolea daftari, umeniondolea hofu, na darasa linakufa."

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Nambari ya Sikudhani ni ya uongo," alisema Leokadia. "Nilimsukuma mimi."

Ngasala alifumba macho kidogo. "Sijasikia."

"Nilimsukuma kwa wiki mbili. Na si yeye tu. Na si mimi tu. Nenda kila shule ya wilaya hii—"

"Nimesema sijasikia!" Kwa mara ya kwanza upole ulimtoka. "Sikiliza. Kuchezea kipimo ni jela. Na ukilisema hilo mbele ya hakimu, kesho yake mikeka yote itakuwa takataka, na keshokutwa watakuja kubeba vitabu na maziwa. Una watoto kumi na sita Darasa la Kinga sasa hivi. Utawarudisha kwenye chumba cha tisini, kwa ajili ya binti mmoja ambaye labda ameiba kweli?"

Leokadia alichukua mkoba wake. Mlangoni akasita, maana swali lile lilimchoma mahali pake hasa, na yule bwana aliliona hilo.

"Nenda kalale, Mwalimu," alisema Ngasala. "Asubuhi utaona vizuri."

*

Hakuona vizuri. Siku ya arobaini ilifika, Jumatano, na alikaa pembeni ya mkeka mikono ikiwa mapajani huku Mwajabu akijenga mnara wa vifuniko vya chupa na mwenzake. Mama yake alikuwa dirishani tangu saa moja. Hakunong'ona tena. Alitazama tu, na kila dakika iliyopita ilimkaza uso.

Saa sita nambari ikafungwa. Hamsini na tisa.

"Umemuua mwanangu," alisema Mama Mwajabu. Alikuwa muuza mboga, mwanamke mwembamba aliyezika mume na watoto wawili. "Wa wenzangu uliwasukuma. Wangu ilipofika zamu yake ukajifanya umeokoka."

"Mama Mwajabu, ile nambari haifutwi. Ingemfuata hadi—"

"Ingemfuata akiwa ameshiba! Ingemfuata akijua kusoma! Unadhani bila nambari polisi watamwacha? Kaka yangu hakuwa na nambari yoyote, walimchukua kwa sababu ya viatu vilivyochanika." Akamshika Mwajabu mkono, akamvuta kwa nguvu hadi kandambili moja ikabaki chini. Hakurudi kuichukua.

Leokadia aliiokota. Alikaa nayo mkononi hadi watoto wote walipochukuliwa, na hasira aliyokuwa nayo haikujua imwelekee nani. Alimkasirikia Ngasala, kisha wakubwa waliopiga miayo. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, yule mwalimu kijana wa miaka kumi na saba iliyopita, aliyejiona mjanja kwa kufungua mlango wa nyuma kwa siri kwa ajili ya watoto thelathini na mmoja, asimwulize mtu kwa nini mlango wa mbele umefungwa kwa wale maelfu.

*

Mahakama ya wilaya ilijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye haraka. Alieleza kwamba maboksi yamepotea, kwamba mshtakiwa alikuwa zamu, na kwamba nambari yake katika Daftari la Kinga ni themanini na nne, kubwa kuliko zote kazini pale. Wenzake sita walikuwa chini ya thelathini. Akakaa chini, kamaliza.

Hakimu, mama mnene mwenye miwani, aliuliza, "Maboksi yametafutwa wapi?"

"Mheshimiwa, nyumbani kwa mshtakiwa."

"Yakapatikana?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwingine?"

Kijana alipekua karatasi zake. "Hakukuwa na sababu ya kutafuta kwingine."

Ndipo wakili wa Sikudhani akamwita Leokadia, aliyekuwa amejitolea asubuhi ile kutoa ushahidi. Aliapa, akashika ukingo wa kizimba. Upande wa kushoto, benchi la pili, alimwona Ngasala amekaa, mikono kaikunja.

"Mheshimiwa," alisema, "nambari hiyo niliitengeneza mimi."

Ukumbi ukaguna. Hakimu akagonga meza.

"Eleza."

"Mtoto huyu alikuja kwangu na miaka minne. Alikuwa anakula chaki. Si kwa utundu, kwa njaa. Alikuwa anaokota vipande chini ya ubao na kutafuna. Mkeka ulimpa thelathini na nane. Alikuwa mtoto mtulivu kuliko wote niliowahi kuwa nao. Kwa nambari hiyo asingepata uji. Basi nikamchokoza. Kwa wiki mbili nilimnyima kitu kila alichokipenda. Nilimfungia nje wenzake wakiimba. Siku moja nilimwambia kwamba mama yake hatakuja tena kumchukua." Akageuka kumtazama Sikudhani. "Nilikuwa mgeni wa kazi hiyo, sikujua kiasi. Niliogopa asifike sabini, nikapitiliza hadi themanini na nne. Mnayemwona kwenye daftari lenu si Sikudhani. Ni mimi."

"Unajua kwamba unakiri kosa?"

"Najua. Na nina wengine thelathini. Waandike, nitawatajia wote."

"Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka, akisimama, "shahidi anamlinda mwanafunzi wake. Mfumo huu umepunguza uhalifu kwa—"

"Umepunguzwa na maziwa!" Leokadia alipiga ukingo wa kizimba. "Umepunguzwa na mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina! Mlichukua watoto wasio na kosa, mkawalisha na kuwafundisha, wakakua watu wazima wasio na kosa, kisha mkasema mashine imewatibu! Hawakuwa wagonjwa! Mngewapa wote tangu mwanzo, msingehitaji daftari. Lakini hamkutaka kulea watoto wa watu, mlitaka kujua tu mtamkamata nani."

Hakimu alimwacha amalize. Aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema kwamba nambari ya Daftari la Kinga haitapokewa kama ushahidi katika mahakama yake mpaka mfumo wote ukaguliwe, kwamba bila nambari hiyo upande wa mashtaka hauna kitu, na kwamba mshtakiwa yuko huru. Kuhusu shahidi, jalada litapelekwa kwa wanaohusika.

Nje, kwenye ngazi, shangazi yake Sikudhani alikuwa akilia na kumshukuru Mungu. Sikudhani alimsogelea Leokadia, akasimama hatua mbili kutoka kwake.

"Lile la mama kutorudi," alisema. "Nililiota miaka mingi. Nilidhani ni ndoto yangu tu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Asante kwa la leo." Alitikisa kichwa taratibu. "Lile jingine bado, Mwalimu. Usinihimize."

*

Ngasala alikuwa amesema kweli. Jumatatu lori lilikuja. Vijana wa idara walibeba viti vidogo, vitabu, mapipa ya maziwa ya unga, wakaukunja mkeka na kuutupa juu kama zulia la msikiti uliohamishwa. Barua mbili zilimfikia Leokadia kwa pamoja. Moja ilifunga Darasa la Kinga kwa wilaya nzima "hadi taarifa nyingine". Nyingine ilimsimamisha kazi.

Wazazi wa wale watoto kumi na sita walikuwa uani. Hakuna aliyemsalimia. Mama Mwajabu ndiye aliyemjia, binti yake kiunoni.

"Haya. Umesema ukweli wako. Umepumua. Sasa hawa?"

Leokadia alitazama chumba cha kawaida, ambamo mwalimu mmoja, msichana wa mwaka wa kwanza kazini, alikuwa akijaribu kuwasimamisha watoto tisini na wawili, ambao sasa walikuwa mia na wanane. Alikuwa na jibu la kistaarabu mdomoni, kuhusu rufaa na subira. Hasira ikalisukuma nje.

"Mfungie kanga vizuri huyo mtoto," alisema. "Tunakwenda mjini."

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

Aliwatoa watoto wote chumbani, wakaongozana barabarani; ulikuwa mwendo wa nusu saa. Wazazi wengine walikataa, wakasimama mbali. Walipoona msafara unapinda kona na mtoto wa jirani yumo, wakafuata. Watoto walishikana shati kwa shati, wakiimba namba. Mlinzi wa jengo la vioo alinyoosha mkono kuwazuia, lakini hakuna mafunzo ya ulinzi yanayomfundisha mtu namna ya kuzuia watu mia wanaompita chini ya kiwiko. Walipanda ngazi wakishikilia ukuta. Waliketi kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, kwenye kapeti, mbele ya kila mlango, miguu imenyooshwa. Makarani walitoka wakarudi ndani. Leokadia alibandika karatasi mlangoni kwa Ngasala, akaandika *a* kubwa.

"Hii ni nini?"

"Aaa!" walijibu, na vioo vikatetema.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Ulikwama kwenye migongo mitatu.

"Mwalimu Mkude," alisema Ngasala kwa sauti ya chini, uso wake ukionekana nusu. "Umesimamishwa kazi. Huruhusiwi kufundisha."

"Niitie polisi, basi. Waje na daftari."

Aliwatazama. Mtoto mmoja alikuwa amejikojolea, akiwa hana habari. Mwingine alikuwa amelala, kichwa juu ya kiatu chake, kiatu cha Ngasala mwenyewe. Hakuutoa mguu.

"Mnataka nini hasa?"

"Walimu wengine kumi na watatu, maziwa na vitabu. Kwa wote."

"Nikiwapelekea wakubwa ombi kama hilo wataniuliza ni wangapi kati ya hawa ni wa hatari. Niwaambie nini?"

"Waambie waje wachague wenyewe," alisema Leokadia. "Wapite hapa katikati, wawaruke mmoja mmoja, wawatazame machoni, waniambie yupi wa kulisha na yupi wa kuacha. Nitawashikia mlango."

Simu ikalia ndani. Ngasala aliichukua mezani, na kwa kuwa mlango haukufungika, korido nzima ilimsikia. "Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, si vurugu. Ni watoto... Mia na wanane... Hapana, hawana mabango, wanasoma." Akasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Leokadia hakuwahi kuisikia kwake, "Siwezi kuwaondoa, mheshimiwa. Itabidi uje uwaone."

Mama Mwajabu alimtelemsha binti yake kapetini, akamsogeza mbele, karibu na karatasi. Kisha akaegemeza mgongo wake kwenye mlango ule na kuketi kwa uzito wake wote.

"Mwalimu," alisema, bila kumtazama, bado ana kinyongo. "Herufi ya pili."

Leokadia aligeuza karatasi, akaandika *e*.